Miezi Kabla ya Barabara: Historia ya Mazoezi ya Safari za Hisani za Baiskeli

Safari ya hisani ya baiskeli ni desturi ambayo mtu hujitolea kuendesha baiskeli kwa umbali mkubwa, mara nyingi kwa siku kadhaa mfululizo, huku jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake wakichangia fedha kwa ajili ya hospitali, utafiti wa maradhi au matunzo ya wagonjwa. Desturi hiyo ni ndugu wa matembezi ya hisani yanayofahamika sana Afrika Mashariki, lakini inatofautiana nayo kwa jambo moja lenye uzito: mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuamka asubuhi akatembea kilomita tano nyuma ya mgeni rasmi na bendi ya tarumbeta, ilhali hakuna awezaye kuamka akapanda baiskeli na kwenda karibu kilomita 900 pasipo kuuandaa mwili wake kwa miezi. Waliosimulia historia ya safari hizi wamezoea kuhesabu fedha zilizokusanywa na kuzisifu siku chache za safari yenyewe, na miezi ya maandalizi wameiachia sentensi moja au mbili. Huo ni upungufu, kwa kuwa ni katika miezi hiyo ndipo mchango unapopatikana. Mchangiaji kwa kawaida haishuhudii safari. Anachokishuhudia ni mwenzake wa ofisini aliyezoeleka kwa uvivu akiingia kazini Jumatatu anachechemea, na Jumatatu inayofuata anachechemea kidogo zaidi, mpaka inakuwa vigumu kumnyima.

Mwanzoni mazoezi ya masafa marefu hayakuwa mali ya watu wa kawaida. Baiskeli ilipata umbo lake la leo, lenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, kwa kazi ya John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885, na miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akaipatia tairi la upepo. Haukupita muda masafa yakawa bidhaa ya magazeti. Mwaka 1891 Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal la Paris aliandaa mashindano ya kutoka jiji hilo hadi Brest, mji wa bandari ulio magharibi kabisa mwa Ufaransa, na kurudi, umbali wa kilomita 1,200 hivi, na mshindi, Charles Terront, aliumaliza kwa saa zipatazo 71. Mabingwa wa namna yake walikuwa na makocha wa kuwasimamia na watu wa kuwatangulia barabarani ili kuwakinga upepo, huku desturi nyingi za mazoezi za zama hizo zikiwa zimerithiwa kutoka kwa mabondia na watembeaji wa dau wa Uingereza, ambao waliamini nyama iliyoiva nusu, maji ya kupimwa, kutolewa jasho chini ya mablanketi na dawa za kuharisha. Mengi ya hayo yalikuwa mateso matupu, na ni ajabu kwamba waliopitia mikononi mwa makocha hao walibaki na nguvu ya kukanyaga pedali.

Mtu aliyefanya mengi kuliko wengine kuyatoa mazoezi mikononi mwa mabingwa na kuyakabidhi kwa karani, mwalimu na muuza duka alikuwa Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853, ambaye aliacha biashara ya hariri, akafungua biashara ya baiskeli katika mji wa Saint-Étienne, na kuandika katika jarida lake, Le Cycliste, kwa jina la Vélocio. Alikuwa mtu wa misimamo ambayo wenzake waliiona ya kichekesho: hakula nyama, na alipigania matumizi ya gia nyingi, yaani mfumo unaomwezesha mwendeshaji kubadili uzito wa pedali kulingana na mwinuko, wakati ambapo Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France, aliziona gia hizo kuwa msaada wa wazee na dhaifu na akawazuia washindani wake kuzitumia. Historia imempa haki Vélocio. Bila gia nyepesi mtu wa makamo mwenye kitambi hawezi kupanda mlima, na bila watu wa makamo wenye vitambi safari za hisani zisingekuwapo kabisa, kwa sababu hao ndio wengi wao, na hao ndio wenye marafiki wenye mishahara.

Vélocio aliyakusanya mafunzo yake katika kanuni chache ambazo vilabu vya baiskeli vimeendelea kuzirithishana. Kiini chake ni kwamba msafiri wa masafa anapaswa kushughulikia mahitaji ya mwili kabla mwili haujalalamika, iwe ni chakula, maji au nguo ya baridi. Kwamba mapumziko yawe mafupi. Kwamba asifike kamwe kwenye uchovu unaoua hamu ya kula na usingizi. Na kwamba ajihadhari zaidi na saa za mwanzo, anapojisikia ana nguvu za kumwaga, kuliko na saa za mwisho. Yeye aliyajua haya kwa kujaribu, kwa kuwa sayansi ya wakati wake haikuweza kueleza sababu. Maelezo yalikuja baadaye sana, mwaka 1967, pale watafiti wa Uswidi, akiwamo Jonas Bergström, walipotumia sindano maalumu kuchukua kipande kidogo cha msuli wa paja kabla na baada ya kazi nzito, na kuonyesha kwamba uwezo wa mtu kuendelea hutegemea sana akiba ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ini. Akiba hiyo ni ndogo, na kwa anayekwenda kwa nguvu huweza kukauka ndani ya saa chache. Ikishakwisha miguu huwa mizito kama iliyofungiwa magunia, akili huvurugika, na mtu anayekula wakati huo amechelewa, kwa kuwa chakula huhitaji muda kabla ya kuwa nguvu. Ndiyo maana mwanafunzi wa safari ya hisani hufundishwa kula kila baada ya muda mfupi, hata kama anajisikia ameshiba, na ndiyo maana viongozi wa mazoezi humuuliza mtu aliyenyamaza ghafla njiani amekula nini, kabla ya kumuuliza anaumwa wapi.

Sambamba na kazi ya Vélocio palizuka ngazi ambayo hadi leo ndiyo mazoezi bora zaidi ya masafa yasiyohitaji kocha. Mwaka 1897 kundi la Waitaliano liliendesha baiskeli kutoka Roma hadi Napoli, kilomita 230 hivi, kati ya macheo na machweo, na kujiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya wathubutu, audax. Desgrange aliuleta mtindo huo Ufaransa mwaka 1904, na tangu mwaka 1921 klabu ya Audax Club Parisien ikawa inaandaa safari ambazo kila mtu huenda kwa mwendo wake mradi asivuke muda uliowekwa. Baadaye ukatulia utaratibu wa hatua nne: kilomita 200 kwa muda usiozidi saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, na 600 kwa saa 40, ambapo anayemaliza kila hatua hupewa cheti, na anayetaka kushiriki safari kuu ya Paris–Brest–Paris hutakiwa kuwa amezipita zote. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa na mwenzake. Kila hatua ni mtihani na hapohapo ni matayarisho ya hatua inayofuata, na muda uliowekwa ni mpana kiasi kwamba mtu mwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa hupata nafasi ya kula, kuziba pancha na hata kusinzia kidogo. Waandaaji wa safari za hisani waliiazima ngazi hii wakaipunguza urefu, mara nyingi bila kujua imetoka wapi.

Jeshi la Marekani nalo lilitoa mfano wa mapema wa mazoezi ya hatua kwa hatua, ingawa kwa madhumuni mengine kabisa. Katika ngome ya Missoula, jimbo la Montana, Luteni James Moss aliunda mwaka 1896 kikosi cha baiskeli cha askari weusi wa Kikosi cha 25 cha Waendamiguu. Aliwapeleka kwanza safari fupi ya siku chache hadi Ziwa McDonald, kisha safari ya kwenda na kurudi ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi hifadhi ya Yellowstone, na ndipo mwaka uliofuata askari 20 wakaendesha kutoka Missoula hadi St. Louis, kilomita 3,000 hivi, wakiwa wamebeba mahema, mablanketi na bunduki, wakafika baada ya siku 41. Jeshi halikuendelea na mpango huo. Hata hivyo mpangilio wa Moss, wa safari ndogo inayofichua kasoro za vyombo na kuzoesha mwili mzigo, kisha ya kati, kisha kubwa, haukuhitaji marekebisho makubwa ulipotumiwa na raia karne moja baadaye.

Upande wa pili wa ukoo wa desturi hii ni ukusanyaji wa fedha. Vilabu vya baiskeli vya Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa vilikuwa na maandamano ya jioni ambapo baiskeli zilipambwa kwa maua na taa, na makopo ya michango ya hospitali yakapitishwa miongoni mwa watazamaji. Hayo yalikuwa maonyesho, na hayakumtoa jasho mtu. Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1960 kwa matembezi ya kudhaminiwa, ambapo mtembeaji alizunguka mtaani na karatasi ya majina, na kila mdhamini akaahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila maili itakayotembewa. Ubunifu huo ulionekana mdogo lakini uligeuza uhusiano wa kutoa. Mtu aliyeombwa hakuombwa tena kumhurumia mgonjwa asiyemjua katika mji asioufahamu; aliombwa kumwekea dau jirani yake. Mara dau lilipokuja, masafa yakawa na bei, na kwa kuwa masafa yalikuwa na bei, ilikuwa ni suala la muda tu kabla mtu hajafikiria chombo kinachoyafikia makubwa zaidi kuliko miguu.

Mikondo hiyo miwili ilikutana karibu na mwaka 1980, katika nchi mbili. Huko Uingereza taasisi ya moyo ya British Heart Foundation iliichukua safari ya kutoka London hadi Brighton, mji wa pwani ulio maili 54 kusini, sawa na kilomita 87, na kuifanya kuwa mojawapo ya safari za hisani zenye watu wengi zaidi. Ni safari ya siku moja, na sehemu kubwa yake inaweza kumezwa na mtu asiyejiandaa, isipokuwa kilima cha Ditchling Beacon, ambacho kwa ukatili wa jiografia kimewekwa karibu na mwisho, pale miguu inapokuwa imeshatumika. Kila mwaka barabara ya kilima hicho hugeuka msafara wa watu wanaosukuma baiskeli kwa mkono, na hakuna anayewacheka. Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mambo yalichukua sura kali zaidi: Billy Starr, kijana aliyefiwa na mama yake kwa saratani, aliongoza mwaka 1980 watu 36 kwa siku mbili kutoka Springfield hadi Provincetown, umbali wa maili 220 au kilomita 354, na kukusanya dola 10,200 kwa ajili ya mfuko wa utafiti wa saratani wa Jimmy Fund. Kutokana na kikundi hicho ilikua Pan-Mass Challenge, ambayo jumla ya michango yake tangu kuanzishwa imepita dola bilioni moja. Siku ya pili ndiyo iliyobadilisha mazoezi. Siku moja ya kilomita 160 inaweza kukamilishwa kwa ukaidi, lakini kulala ukiwa umechoka na kuamka kufanya hivyohivyo tena kunahitaji mwili uliofundishwa kupona usiku.

Mahali ambapo mazoezi yaligeuka kuwa taasisi yenye viongozi, kanuni na kalenda ni California, na sababu ilikuwa msiba. Tarehe 5 Juni 1981 idara ya afya ya Marekani ilichapisha taarifa fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Ndio mwanzo wa kumbukumbu rasmi za UKIMWI. San Francisco iliathirika mapema na vibaya. Mwaka 1982 mjini humo ilianzishwa klabu ya Different Spokes, ya waendesha baiskeli mashoga na wasagaji, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilianza kuandaa safari ya hisani ya kuwasaidia wagonjwa iliyoitwa AIDS Bike-A-Thon. Simulizi nyingi huianza hadithi mwaka 1994, ilipoanza safari kubwa tutakayoieleza punde, na kuisahau klabu hiyo, jambo lisilo la haki, kwa kuwa ujuzi wa barabara za eneo hilo, wa mahali penye maji, mahali penye magari mengi na kilima kinachomfaa mgeni, ulikuwa umeshahifadhiwa na wanachama wa vilabu vya namna hiyo kabla mfadhili yeyote hajatia mguu.

Aliyeiinua desturi hadi kiwango kingine alikuwa Dan Pallotta, mkusanyaji wa fedha kwa kazi, ambaye mwaka 1983 akiwa mwanafunzi wa Harvard aliongoza wenzake kuvuka Marekani kwa baiskeli kuchangia vita dhidi ya njaa. Mwaka 1994 aliandaa California AIDS Ride ya kwanza, safari ya siku saba kutoka San Francisco hadi Los Angeles, ambapo watu 478 walikusanya zaidi ya dola milioni moja. Pallotta alitambua kwamba ugumu ndio mtaji: anayeomba fedha kwa jambo jepesi hupewa kidogo, na anayeomba kwa jambo linaloonekana kumzidi hupewa nyingi. Akaweka kima cha chini cha maelfu ya dola ambacho kila mshiriki alitakiwa kukichangisha ndipo aruhusiwe kuanza. Kwa kufanya hivyo alijitwisha tatizo ambalo waandaaji wa London hadi Brighton hawakuwa nalo kwa kiasi hicho, yaani kuwachukua mamia ya watu ambao baadhi yao hawakuwa wamepanda baiskeli tangu utotoni, na kuwafikisha wakiwa hai.

Jibu lilikuwa viongozi wa mazoezi wa kujitolea, mara nyingi watu waliokwisha kumaliza safari mwaka uliotangulia, ambao waliandaa mazoezi ya mwisho wa wiki kuanzia miezi ya baridi hadi karibu na Juni, mwezi ambao safari hii ilikuja kuzoeleka kufanyika. Huko San Francisco makundi yalivuka daraja la Golden Gate kuelekea Sausalito na Fairfax, na miguu ikishaimarika yaliendelea hadi kijiji cha Nicasio na baadaye Point Reyes Station, karibu na bahari. Upande wa mashariki wa ghuba walikuwapo waliozunguka vilima vitatu viitwavyo Three Bears, ambavyo kimojawapo ni Mama Dubu na kingine ni Baba Dubu, na mgeni alionywa asifurahi mapema baada ya kumpita mama. Huko Los Angeles makutano yao yalikuwa bustani kubwa ya Griffith Park. Umbali huongezwa wiki hadi wiki kwa kiasi kidogo, na baada ya wiki kadhaa za kuongeza huwekwa wiki nyepesi, kwa kuwa msuli hujengeka wakati wa kupumzika. Karibu na mwisho huja mazoezi ya siku mbili mfululizo, safari ndefu Jumamosi na nyingine Jumapili, na hapo ndipo kundi hupungua, kwa sababu Jumapili asubuhi tandiko huuma pale palepale lilipouma jana.

Sehemu kubwa ya mafunzo hayo haihusu nguvu. Mwanafunzi hufundishwa kupaza sauti kila gari linapotokea nyuma, kuonyesha kwa kidole shimo au vioo vilivyomwagika barabarani, na kumjulisha anayempita kwamba anapita kushoto, kwa kuwa Marekani vyombo hukaa upande wa kulia. Hufundishwa kwamba anapobadilisha tyubu iliyotoboka asikimbilie kuingiza mpya, bali kwanza apitishe vidole polepole ndani ya tairi lote kutafuta mwiba au kijiwaya kilichotoboa, la sivyo atatobolewa tena baada ya mita mia moja. Hufundishwa kuvaa bukta yenye pedi bila nguo ya ndani, somo linaloamsha aibu na kuokoa ngozi. Kanuni inayowashangaza zaidi waliotoka kwenye mashindano ni ile inayokataza kujipanga mfululizo gurudumu kwa gurudumu. Mbinu hiyo, ambayo mmoja hukata upepo na wengine wakajificha nyuma yake, huwapunguzia walio nyuma sehemu kubwa ya kazi, na mabingwa hawawezi kuishi bila hiyo. Lakini katika kundi la watu waliojifunza kwa miezi sita, gurudumu la mbele la mmoja likigusa la nyuma la mwenzake huangusha wote. Matokeo yake ni kwamba kila mshiriki wa safari ya hisani hubeba upepo wake mwenyewe, na mazoezi yake lazima yawe marefu kuliko ambavyo angehitaji kwa umbali uleule akiwa na timu. Walau njia ya California ilichorwa kwa huruma: ilikwenda kutoka kaskazini hadi kusini, kwa kuwa katika majira hayo upepo wa pwani ya California huvuma zaidi kutoka kaskazini-magharibi.

Miongoni mwa walioanza tangu safari ya kwanza walikuwamo watu wenye virusi vya UKIMWI, walioungana katika kundi la Positive Pedalers. Ikumbukwe kwamba mwaka 1994 dawa za mchanganyiko zilizokuja kuyarefusha maisha ya wagonjwa zilikuwa hazijapatikana; zilianza kutumika kwa wingi mwaka 1996. Kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa unapungua uzito kwa ugonjwa, kuamua kuendesha kilomita 100 kila Jumamosi kulikuwa kitu kingine kabisa na kule kujinoa kwa mhasibu mwenye kitambi, na kuwapo kwao hadharani katika kundi la mazoezi, wakila mkate ule ule na kuziba pancha zile zile, kuliwapunguzia watu hofu kwa namna ambayo mabango hayakuweza. Hilo halikuwa katika hesabu za waandaaji. Lilitokana na muda ambao watu walitumia pamoja.

Muda huo una gharama, na gharama ndiyo iliyouvunja muungano wa kwanza kati ya Pallotta na mashirika aliyoyachangishia. Kampuni ya Pallotta ilitumia fedha nyingi kwa matangazo, mahema, mabafu ya kubebwa kwa malori, chakula na uratibu, na kufikia mwaka 2001 mashirika mawili yaliyonufaika, San Francisco AIDS Foundation na kituo cha mashoga na wasagaji cha Los Angeles, yalilalamika kwamba sehemu kubwa mno ya kila dola haifiki kwa wagonjwa. Yalijitoa, na mwaka 2002 yakaanzisha safari yao wenyewe, AIDS/LifeCycle, ambayo njia yake ilikuja kuwa ya maili 545, sawa na kilomita 877. Kampuni ya Pallotta ilifungwa mwaka huohuo, na yeye akageuka mtetezi mashuhuri wa hoja kwamba asasi za hisani zinastahili kutumia fedha kutafuta fedha. Pande zote mbili zilikuwa na haki kwa kiasi fulani, lakini mzozo huo uliendeshwa kana kwamba gharama zote ni za matangazo na anasa. Usalama wa watu wasio mabingwa kwa siku saba ni bidhaa ghali kwa asili yake, na AIDS/LifeCycle iliweza kuipunguza gharama hiyo kwa kuegemea zaidi kwa watu wa kujitolea, hasa viongozi wa mazoezi, ambao kazi yao haikuonekana katika kitabu chochote cha hesabu.

Liko lalamiko jingine ambalo halijajibiwa vizuri. Mazoezi ya namna hii humhitaji mtu mwenye baiskeli nzuri, wikiendi zilizo huru kwa nusu mwaka, likizo ya wiki nzima na marafiki wa kumchangia; AIDS/LifeCycle ilikuja kudai dola 3,000 kwa kila mwendeshaji. Mtumishi wa hoteli anayefanya kazi Jumamosi na Jumapili hupata taabu kuingia, hata kama ndugu zake ndio wanaougua. Kauli kwamba safari hizi ni za kila mtu ni ya kweli kuhusu umri na umbile la mwili. Kuhusu mfuko si ya kweli.

Tanzania nayo ina safari za jamii hii. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge, ambapo baadhi hupanda Mlima Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Na katika miaka ya karibuni msafara wa Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam hadi kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere, ukiacha misaada ya elimu, afya na mazingira njiani. Tofauti na California ni kwamba katika mikoa mingi ya nchi hiyo wapo watu ambao mazoezi yao ni kazi yao, wanaosukuma magunia ya mkaa na madumu ya maji juu ya baiskeli za chuma zisizo na gia, na ambao kilomita 80 kwa siku hazihitaji kalenda wala kiongozi. Desturi ya hisani ya mjini haijaamua bado iwaweke wapi watu hao, kwa kuwa hakuna anayemdhamini mtu kwa jasho analolitoa kila siku.

AIDS/LifeCycle ilifanyika kwa mara ya mwisho mwanzoni mwa Juni 2025, ikiwa imekusanya mamia ya mamilioni ya dola tangu ilipoanzishwa, baada ya waandaaji kutangaza kwamba gharama zimepanda na washiriki wamepungua kiasi cha kuifanya safari ya siku saba isiweze kujilipia. Mashirika yale mawili yalitangaza kwamba kila moja litaandaa safari yake yenye siku chache zaidi. Kwa hesabu za mahema na malori uamuzi huo unaeleweka. Lakini safari fupi huhitaji wiki chache za maandalizi, na mfumo wa viongozi wa kujitolea, ngazi za umbali na Jumapili za tandiko linalouma ulijengwa ili kuukabili ugumu wa siku saba. Ugumu huo ukipunguzwa, waandaaji watalazimika kutafuta upya sababu ya jirani kumwekea jirani yake dau.